Kanga 43 za Bibi: shajara ya mradi

Wiki ya 1

Kanga: 43. Zilizopigwa picha: 0. Sauti iliyorekodiwa: dakika 11, na nyingi ni za jogoo wa jirani.

Mradi wenyewe ni huu. Bibi ana sanduku la mninga lililojaa kanga, na kila kanga ina kisa chake. Nataka nizipige picha zote, niandike jina la kila moja, mwaka iliponunuliwa na nani aliinunua, kisha nirekodi kisa kwa sauti ya mwenyewe. Nimejipa Jumamosi kumi.

Tulijuana mwaka jana, alipokuja kwenye steshenari yangu hapa Ngamiani, Tanga, kutoa kopi ya kitambulisho. Akaipokea karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaniuliza, "Hii kopi yangu au ya marehemu?" Nikaongeza mwanga. Bado. Tulitoa kopi nne, akalipia moja, na hiyo moja akalalamikia bei. Kesho yake akapita akitoka sokoni, akakaa kwenye benchi kupumzisha miguu, na tangu siku hiyo benchi limekuwa lake. Huniita "mume wangu", kama bibi yeyote wa huku anavyomtania mjukuu. Wateja wageni hushtuka kidogo.

Kitambulisho kinasema alizaliwa 1 Januari 1943. Nusu ya wazee wa mtaa huu walizaliwa tarehe 1 Januari, najua kwa sababu mimi ndiye ninayewatolea kopi.

Nilipomweleza mradi hakukataa, ila alitoa sharti. "Jina langu usiliweke. Weka Bibi. Mabibi tuko wengi, anayenidai hatanipata."

Wiki ya 2

Zilizopigwa picha: 9.

Jedwali lina safu nane: namba, jina, rangi, mji, pindo, chapa, mwaka, kisa. Asubuhi halikuwa na safu ya mji. Nilikuwa nimeandika "ua la katikati", nikamsomea, akanikata kauli hapo hapo. "Ua la katikati ndiyo nini? Huo mji. Huku pembeni pindo. Kwani mama yako alikubeba kwa shuka?"

Sanduku ukilifungua linatoa harufu ya asumini kavu na karafuu. Kila kanga imekunjwa mara nne, halafu mara mbili, na jina limeachwa nje, kwa hiyo hahitaji kufunua kitu. Anapitisha kidole tu akisoma. *Wema hauozi. Sisi sote abiria dereva ni Mungu. Japo sipati tamaa sikati.* Nimeona moja tu iliyokunjwa jina likiwa ndani. Nimeipa namba 17, nitaifikia.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili, lakini kati ya hizi 43 zenye pacha wake ni chache sana. Vipande vingine walichukua mabinti, vingine vilikuwa mbeleko, vingine vimekwenda na maiti, vingine vimeishia kupangusia taa. Nikamwambia ni hasara kwa mkusanyo wetu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa Kichina. "Mwenye doti kamili tupu sandukuni ni mtu asiye na watu."

Nilianza kurekodi na baba yake. Alitoka Kigoma kama manamba, akaletwa na mawakala wa wenye mashamba ya mkonge waliokuwa wakikusanya vibarua bara na kuwaleta Tanga. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30, siku usiyomaliza kazi haitiwi alama. Mama yake alikuwa Mdigo wa huku huku. Bibi alikulia kambini, akianika singa, zile nyuzi za mkonge, na kina mama kwenye kamba, na mpaka leo ukimshika kiganja utadhani umeshika jamvi.

Nukuu ya wiki, alipokuwa akisimulia watu walivyofunga midomo mwaka 2020: "Mimi korona naijua tangu utotoni. Ilikula vidole viwili vya baba." Kwa wasiotoka mashamba ya mkonge: korona ni ile mashine ya kukamulia majani mpaka zibaki singa. Niligundua kwamba kwenye rekodi nacheka kuliko yeye.

Wiki ya 3

Zilizopigwa picha: 16. Sauti: saa 2 na dakika 40. Saa moja ya sauti inanichukua jioni nzima kuiandika, maana Bibi akinogewa hachagui pa kuvuta pumzi.

Leo ilikuwa zamu ya namba 10 hadi 15, zote za Mombasa. Mbili zina ile chapa ya KHE, yaani Kaderdina Hajee Essak, wauza kanga wa Mombasa, na "Mali ya Abdulla". Nikauliza zilifikaje Tanga. Akaenda kwanza kufunga mlango wa uani. Miaka arobaini imepita na bado anafunga mlango!

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa mpaka 1983. Kwa mtu wa Tanga hilo halikuwa jambo la kusikia redioni. Horohoro ni hapo, ng'ambo yake Lunga Lunga, na nusu ya ndugu zake Wadigo wako upande ule. Dukani huku ukikuta sabuni hukuti sukari, na kanga ikija ni ya foleni. Bibi wakati ule alikuwa akipika vitumbua na kuvipeleka stesheni ya reli, lakini vitumbua vinataka mafuta na mafuta hayapo. Basi akajua njia za panya.

"Nilikwenda mwembamba nikarudi mja mzito," anasema. Alivaa doti sita, moja juu ya nyingine, buibui juu yake. Jua la saa saba. Njiani akakutana na mgambo, kijana mdogo. Mgambo akamtazama tumbo, akatazama jasho linavyomtiririka, akamwonea huruma. Akambebea kikapu mpaka barabarani, akamtafutia na gari. Kwenye kikapu mlikuwa na nini? Sabuni za mche, amezifunika kisamvu.

"Akaniombea nijifungue salama. Nikamjibu amina. Na kweli nilijifungua, nyumbani, mapacha sita."

Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, watu wakatupa mali chooni na baharini. Yeye alizihamishia kanga kwa wifi yake. Wifi akazitandika chini ya godoro, akalala juu, akajifunika gubigubi. Wakaguzi walipoingia wakamkuta anakohoa. Alikohoa, anasema Bibi, mpaka yeye mwenyewe aliyejua siri akaanza kuogopa. Hawakukaa dakika mbili.

Nimeandika pembeni: muulize zaidi kuhusu wifi. Kila akimtaja anashusha sauti kidogo.

Wiki ya 4

Hakuna maendeleo. Memori ya simu ilijaa katikati ya kisa cha namba 16 na mimi sikuona. Bibi alisimulia dakika hamsini kwa kifaa kilichokwisha kuzima. Nilipomwambia turudie akasema kisa si santuri.

Badala yake alinitaka baiskeli yangu. Tanga baiskeli haina jinsia wala umri, hilo kila mtu anajua, ila huyu ana miaka themanini na ushee na goti moja halikunjiki. Nilimshikia kiti, akazunguka kichochoro mara moja, kanga imepigwa fundo kiunoni, watoto nyuma. Aliposhuka akasema breki zangu mbovu. Ni kweli.

Wiki ya 5

Zilizopigwa picha: 22.

Namba 17. Nyekundu, mji wa korosho, jina: *Mdhaniaye ndiye kumbe siye.* Nikawasha simu, nikahakikisha mara mbili kwamba inarekodi.

"Hii ya harusi yangu," akasema. "Mwaka wa uhuru. Wiki moja tu baada ya bendera kupanda." Akaeleza pilau, akaeleza ngoma, akaeleza bwana harusi aliyekuwa kuli bandarini na mabega yake. Nzuri sana. Uhuru ni 9 Desemba 1961, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa na kanga yenye tarehe karibu kamili. Nikajaza safu ya mwaka kwa furaha.

Usiku, nikikuza picha ili nijaze safu ya chapa, nikaona pembeni maandishi madogo: Urafiki.

Kiwanda cha Urafiki, kile cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, kilifunguliwa 1968. Hesabu hiyo ni ya darasa la pili. Hakuna bibi harusi wa 1961 aliyevaa kanga ya Urafiki.

Jumatatu alipokuja benchini nilimwonyesha kwenye kompyuta. Nilifikiri nimegundua jambo la kufurahisha. Nikamwambia, "Bibi, hii haiwezi kuwa ya harusi. Labda umesahau." Akasema, "Labda." Akanyanyuka, akaenda zake, na chai hakumaliza.

Wiki ya 6

Zilizopigwa picha: 27. Sauti: dakika 35.

Kazi ilikwenda haraka. Bibi alikuwa mpole, alijibu kwa ufupi, nikapata nafasi ya kujaza safu zote. Chai haikuwa na tangawizi. Alivaa kanga ya kijani yenye mistari myeusi. Mwanga wa barazani mzuri kwa picha, nitumie hapo kuanzia sasa.

Wiki ya 7

Zilizopigwa picha: 34. Sauti: dakika 12.

Alisema kichwa kinamgonga, akaniachia sanduku nifanye mwenyewe. Benchini hajafika tangu Jumatatu ile. Alikuwa amevaa tena ile ya kijani, naona anaipenda. Hakuniita mume wangu, aliniita kwa jina.

Nimemaliza mpaka namba 34. Kwa kasi hii tutawahi.

Wiki ya 8

Sauti: saa 1 na dakika 52, na kuna sehemu sikurekodi.

Nilipiga hodi, nikaamkia. "Shikamoo Bibi." Hakuitikia. Alikuwa amesimama mlangoni, ile ile ya kijani, ameishika ncha mbili na kuinyoosha mbele ya kiuno kama muuza duka anayemwonyesha mteja.

"Soma."

Nikasoma. *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.*

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu nakuvalia. Wewe mwenye kompyuta, unayeziandika kanga za watu majina na mipindo, nakupitishia mbele ya macho huoni! Mimi sijapata kupoteza kanga hivi tangu kwa wifi yangu."

Halafu akashindwa kujizuia. Alianza kucheka kifuani, kicheko kikapanda, ikabidi ashike nguzo ya mlango. Nami nikacheka bila kujua ninacheka nini. Nikaingia ndani, nikatiliwa chai yenye tangawizi, nikaambiwa nizime simu. Baadaye aliniruhusu niiwashe. Haya ndiyo ya namba 17.

Mwaka 1961 doti ya harusi ililetwa na wifi yake, dada wa bwana harusi. Nyekundu, nzuri, ya kutoka nje kama zilivyokuwa kanga nyingi wakati ule. Bibi akaivaa siku zote saba za fungate. Wanawake waliokuja kumtazama walikuwa wakimtazama kiunoni, wanafinyana, wanaziba midomo. Yeye akadhani ndiyo shamrashamra za harusi. Hakujua kusoma. Kwenye chuo cha Qur'ani alifika juzuu ya amma, herufi za Kiarabu anazitambua, lakini za Kizungu kwake zilikuwa mapambo ya nguo kama pindo lilivyo pambo.

Mtoto wa kwanza akazaliwa, kipande kimoja kikawa mbeleko, kikachakaa kikawa winda. Cha pili kikabaki sandukuni.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wakati ule theluthi mbili hivi ya watu wazima nchini hawakujua kusoma, na Bibi hakwenda kisomo kwa kuitikia wito wa mtu. Alikwenda kwa sababu ya vitumbua. Wafanyakazi wa reli walikuwa wakikopa na kuandika wenyewe kwenye kadi wanachodaiwa, na kila mwisho wa mwezi kadi ilisema kidogo kuliko kumbukumbu yake. Kwa hiyo jioni, vitumbua vikiisha, anakwenda kukaa kwenye madawati ya watoto, magoti hayaingii.

Wiki waliyofundishwa *dha, dhe, dhi*, alirudi nyumbani akawasha chemli, akafungua sanduku, akaanza kusoma kila alicho nacho. Hapa alinionyesha kwa mikono: kanga mapajani, kidole chini ya herufi, midomo inatikisika. *M. Mdha. Mdhani. Mdhaniaye.* Alipofika *siye* akakaa kimya. Akakumbuka wale wanawake wa fungate mmoja mmoja, na walipoketi, na aliyecheka zaidi.

"Miaka tisa nimetunza tusi langu kwa asumini."

Mume hakumwambia. Asubuhi alikwenda dukani, akatafuta kanga yenye maneno yale yale, akaikuta ya Urafiki, mpya, ina gundi bado. Akalipa kwa pesa ya vitumbua. Na kwa mwaka mzima, kila penye shughuli ya kwao mume, hitima, maulidi, tohara, posa, Bibi anaingia na *Mdhaniaye ndiye kumbe siye*, anapita mbele ya wifi taratibu, anageuka, anapita tena. Jina liko pale, wazi, kama bango. Anasubiri uso ubadilike.

Wifi kila mara: "Kanga yako nzuri, wifi. Rangi yake imekukaa."

Bibi akazidi kuumia. Akaona huyu mwanamke ana moyo wa jiwe, tusi linampita kama upepo. Mpaka siku moja wako kwenye kuchagua mchele wa harusi ya watu, wawili, ungo mmoja, uvumilivu ukamwisha. "Wifi, hii kanga umeisoma?"

"Niisome kwa macho ya nani?"

Wifi alikuwa amekhitimu Qur'ani mara mbili na alikuwa akisomesha watoto wa mtaa, lakini herufi za Kizungu hakuijua hata moja. Mwaka 1961 aliingia dukani akasema nipe nyekundu ya bibi harusi. Akapewa. Kila mmoja alikuwa amembebesha mwenzake maneno ambayo mwenzake hakuweza kuyasoma, mmoja siku saba, mwingine mwaka mzima. Bibi akamsomea. Mchele ulimwagika, wakafokewa na mama mwenye shughuli, na walipokuwa wakiuokota mmoja akimtazama mwenzake wanaanza upya.

Wifi akaingia kisomo wiki iliyofuata. Na mwaka 1983, alipolala akikohoa juu ya kanga za magendo, ilikuwa ni huyu.

Nikauliza kile kipande cha zamani kiko wapi, cha 1961 cha kweli. Hapo ndipo aliponiambia nizime tena. Ninayoruhusiwa kuandika ni kwamba alimfunikia wifi siku ya kuoshwa, na jina aliligeuzia ndani, na tangu siku hiyo hata pacha wake huyu wa Urafiki anamkunja vivyo hivyo.

Nikamwambia sasa nimeelewa, na ile tarehe ya 1961 nitaisahihisha. Akaudhika upya. "Usisahihishe chochote. Ni ya harusi. Wewe uliniuliza kisa au uliniuliza risiti?"

Wiki ya 9

Zilizopigwa picha: 43. Zimekwisha.

Nimekaa na jedwali jioni tatu. Safu ya mwaka nimeigawa: moja inaitwa "mwaka wa nguo", nyingine "mwaka wa kisa". Namba 17 ina 1971 kwenye ya kwanza, maana kisomo kilikuwa kimeshika kasi na yeye anakumbuka mtoto wake wa nne alikuwa hajatembea, na 1961 kwenye ya pili. Nilipoanza kujaza nyingine kwa mtindo huo niligundua kwamba zisizolingana ni kumi na moja. Sikuwahi kuuliza. Kazi ya safu hii mpya ni ya Jumamosi nyingine kumi, kama si ishirini, na sikumwona Bibi akisikitika nilipomwambia.

Nimesoma pia maingizo yangu ya wiki ya 6 na ya 7. Sijayafuta. Ile ya kijani ni namba 29 kwenye jedwali langu mwenyewe, niliiandika jina kwa mkono wangu siku ile ile aliyoivaa kwa mara ya pili.

Benchini amerudi. Jana alimwambia mteja aliyekuja kuchapisha barua ya kazi kwamba mume wake ni mzuri wa mashine ila macho yake ya shida.

Wiki ya 10

Sauti: dakika 0.

Nilifika saa nne. Safari hii kabla ya hodi, kabla ya shikamoo, nikainamisha shingo pale mlangoni kutafuta maandishi kiunoni mwake. Nikazunguka kushoto, nikazunguka kulia. Nguo nyeusi tii, hakuna herufi hata moja.

"Kaniki," akasema. "Leo sijavaa neno, nimevaa nguo. Ingia, mihogo inapoa."